Majumba ya Kale ya Mashambani Uingereza: Mwongozo Kamili, Kuanzia Tiketi Hadi Jikoni

Barabara za Uingereza zina vibao vya rangi ya kahawia vinavyoelekeza kwenye kasri, bustani au jumba fulani la kale. Wenzetu wengi wanaoishi Leicester, London au Birmingham huvipita mwaka hadi mwaka bila kukata kona. Ukiwauliza kwa nini, watakupa sababu mbili: kule ni kwa wenyewe, na kule ni ghali. Ya kwanza si kweli. Ya pili ina ukweli, lakini ina dawa, na dawa zenyewe nitazitaja.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda mara ya kwanza, pengine bila gari, pengine akiwa na shangazi aliyekuja kutembea kutoka Tanga au Mombasa. Shika moja tu kabla ya mengine yote: jumba moja kwa siku, na uingie humo ukiwa na maswali mawili. Pesa ya kulijenga ilitoka wapi? Na kazi za humu ndani alizifanya nani? Asiyeuliza hayo atatoka na picha za dari zenye dhahabu, na akifika jumba la tatu yote yatakuwa yamemchanganyikia.

Hatua ya 1: Jua jumba liko mikononi mwa nani

Anza na mmiliki kabla ya bei, maana kadi ya mmoja haifungui mlango wa mwingine. National Trust ni shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1895, na lina majumba ya kihistoria zaidi ya 200. English Heritage kilikuwa chombo cha serikali hadi kilipogeuzwa shirika la hisani mwaka 2015. Kinatunza maeneo zaidi ya 400, mengi yakiwa magofu ya ngome na ya nyumba za watawa, ila majumba machache kiliyo nayo ni ya nguvu. Kundi la tatu ni familia zenyewe na wakfu zao, na nyingi zimejiunga na umoja uitwao Historic Houses. Chatsworth, Blenheim, Hatfield, Burghley na Castle Howard zote ziko katika kundi hili la tatu, kwa hiyo mwenye kadi ya National Trust akifika Chatsworth atalipa kama mtu mwingine yeyote.

Kwa nini Duke, bwana mkubwa wa cheo cha kurithi, akuuzie tiketi uje kutazama sebule yake? Kwa sababu ya kodi. Kodi ya mirathi iliwekwa mwaka 1894 na ikazidi kupanda. Mapato ya mashamba yalikuwa yameshuka kwa nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani, kisha vita kuu mbili zikaua warithi na kuondoa watumishi. Mamia ya majumba yalibomolewa katika karne ya 20, na miaka ya 1950 ilikuwa mibaya zaidi. Yaliyopona yalipona kwa kukabidhiwa National Trust, kwa kugeuzwa shule au hoteli, au kwa kufungulia watu milango. Hardwick Hall ya Derbyshire ilitolewa kwa serikali kufidia kodi baada ya Duke wa kumi wa Devonshire kufariki mwaka 1950, na National Trust wakaipokea mwaka 1959.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya tiketi

Tiketi ya mtu mzima kwenye jumba kubwa la familia si ndogo, na kwa watu watano inauma. Fanya hivi.

Ukitarajia kutembelea majumba manne au zaidi kwa mwaka, nunua uanachama wa mwaka badala ya tiketi moja moja. Wa National Trust unajumuisha pia maegesho kwenye maeneo yao mengi. Wa English Heritage huruhusu mtu mzima kuingia na watoto wa familia bila malipo, jambo ambalo kwa nyumba zetu zenye watoto wengi si dogo. Mgeni wa muda mfupi aulize pasi ya wageni kutoka nje ya nchi ya English Heritage, ambayo huhesabiwa kwa siku.

Mtandaoni utaona bei mbili, moja ikiwa na maneno Gift Aid. Hiyo ni bei iliyoongezwa mchango, na humwezesha anayelipa kodi Uingereza kulipatia shirika nyongeza kutoka serikalini. Si lazima. Kama hulipi kodi huko, chagua bei ya kawaida bila aibu.

Kisha kuna mwezi wa Septemba. Kila mwaka katika mwezi huo hufanyika Heritage Open Days, siku ambazo majengo mengi ya kale nchini huwa bure, yakiwemo mengine ambayo mwaka mzima hayafunguliwi kwa umma. Tafuta orodha ya mtaa wako mapema, kwani baadhi yanataka uhifadhi nafasi.

Hatua ya 3: Chagua jumba la kuanzia

Usianze na lililo kubwa kuliko yote. Blenheim, Oxfordshire, ni la ajabu. Lilijengwa kwa ajili ya Duke wa kwanza wa Marlborough baada ya ushindi wake wa vita mwaka 1704, na Winston Churchill alizaliwa humo mwaka 1874. Lakini umati wa Julai na Agosti unaweza kumchosha mgeni kabla hajafika chumba cha nne. Anza na haya.

Kenwood, kaskazini mwa London, pembeni ya Hampstead Heath. Zamani lilikuwa nje ya mji. Kuingia ni bure, na basi namba 210 linapita mlangoni. Ndani kuna michoro ya Rembrandt na Vermeer, na maktaba iliyobuniwa na Robert Adam. Ila mimi ningekupeleka huko kwa sababu ya Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa mwaka 1761, mama yake Mwafrika aliyekuwa mtumwa na baba yake ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Alilelewa Kenwood na mjomba wa baba yake, Lord Mansfield, aliyekuwa Jaji Mkuu. Mwaka 1772 jaji huyo huyo aliamua kesi ya James Somerset, kwamba mtumwa hawezi kushikwa kwa nguvu Uingereza na kusafirishwa nje ya nchi. Simama kwenye maktaba ile ufikirie maisha ya binti yule: mtoto wa nyumba, lakini si sawasawa na binamu yake Elizabeth. Katika wosia wake Mansfield aliona haja ya kuandika kwamba Dido ni mtu huru.

La pili ni Hatfield House, Hertfordshire, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili ndilo ningelitanguliza. Treni kutoka kituo cha King's Cross, London, haifiki nusu saa, na ukishuka kituoni geti la jumba liko ng'ambo ya barabara. Robert Cecil, waziri wa Mfalme James wa Kwanza, alipewa eneo hilo mwaka 1607 kwa kubadilishana na nyumba yake ambayo mfalme aliitamani. (Mfalme akitamani nyumba yako, unabadilishana.) Alibomoa sehemu kubwa ya kasri la zamani, akatumia matofali yake kujengea jipya lililokamilika mwaka 1611. Upande mmoja wa kasri la zamani umebaki hadi leo. Elizabeth wa Kwanza alikulia hapo, na ndipo alipokuwa mwaka 1558 alipopata habari kwamba amekuwa malkia.

Lakini endelea hadi karne ya 19. Mwenye nyumba hiyo, Marquess (cheo kilicho chini kidogo ya Duke) wa tatu wa Salisbury, alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara tatu kati ya mwaka 1885 na 1902. Ni serikali yake iliyotia saini mkataba wa Julai 1890 na Wajerumani, ambao wao walichukua kisiwa cha Heligoland na Waingereza wakapata kutambuliwa kuwa walinzi wa Unguja na Pemba. Bado alikuwa madarakani Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipolipiga makombora kasri la Sultani Unguja kwa muda usiofika saa moja. Mji wa Harare nao uliitwa Salisbury kwa jina lake. Alifariki Hatfield mwaka 1903. Ukipita kwenye ukumbi ule mrefu wa mbao, unapita katika nyumba ya mtu aliyeigawa pwani yetu bila kuiona kwa macho. Vipeperushi vya wageni huwa na mengi zaidi kuhusu Elizabeth.

Wa Leeds na Bradford waende Harewood House. Basi namba 36 la Leeds kwenda Harrogate linasimama getini. Ujenzi ulianza mwaka 1759, na pesa ilikuwa ya familia ya Lascelles, iliyotajirika kwa sukari, mikopo na biashara ya watumwa visiwani Karibiani. Harewood hawafichi jambo hilo.

Kwa wanaoweza kulala njiani, oanisha Chatsworth na Hardwick, Derbyshire, siku mbili. Yote mawili yanatokana na mwanamke mmoja, Bess wa Hardwick, aliyeolewa mara nne na kila mara akatoka tajiri zaidi. Hardwick aliijenga miaka ya 1590 akiwa mjane, akaweka herufi zake ES (Elizabeth Shrewsbury, jina lake la ndoa) juu ya minara ya paa, kubwa za kuonekana kutoka mbali. Madirisha yake ni makubwa kupita kiasi kwa zama ambazo kioo kilikuwa anasa, na hapo ndipo ujue kuwa dirisha nalo lilikuwa njia ya kuonyesha pesa.

Hatua ya 4: Panga siku na saa

Majumba mengi hufungwa majira ya baridi, takriban Novemba hadi Machi, vyumba vikasafishwa na samani kufunikwa, ingawa bustani na mgahawa huweza kubaki wazi. Mengine hufungua tena kwa mapambo ya Krismasi. Ya familia mara nyingi hufungwa siku moja au mbili katikati ya wiki, na huweza kufungwa ghafla kwa ajili ya harusi au upigaji wa filamu. Kwa hiyo tazama tovuti ya jumba usiku wa kuamkia safari, hata kama ulishaitazama wiki iliyopita.

Soma saa kwa makini. Saa za bustani na saa za nyumba si zile zile: bustani ikifunguliwa saa nne asubuhi, nyumba inaweza kungoja hadi saa tano. "Mwisho wa kuingia" huwa kabla ya kufunga, mara nyingi kwa saa nzima. Tiketi zenye muda maalumu wa kuingia ndani huisha mapema wikendi, hivyo nunua mtandaoni. Siku bora ni ya katikati ya wiki ambayo shule hazijafungwa, na saa bora ni ile ya mlango kufunguliwa.

Hatua ya 5: Fika bila kuhangaika

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Mabasi ya mashambani ni machache, na Jumapili huenda yasiwepo kabisa. Angalia kwanza basi la kurudi, ndipo uangalie la kwenda. Teksi ya kutoka kituo kidogo cha treni iagize siku moja kabla, kwa sababu hutaikuta imepanga foleni pale nje, na mtandao wa simu mabondeni hukatika.

Yanayofikika kwa treni na miguu, mbali na Hatfield, ni pamoja na Knole iliyoko Sevenoaks, Kent, na Audley End ya Essex, ambayo ina kituo chenye jina lake, umbali wa zaidi kidogo ya maili moja. Mkiwa watu watatu hadi tisa, ulizeni tiketi ya GroupSave, ambayo hupunguza theluthi moja ya nauli nje ya saa za msongamano kwenye njia nyingi.

Mwenye gari aandike jina la jumba, asitegemee msimbo wa posta pekee. Shamba la ekari elfu moja lina msimbo mmoja, na ramani ya simu inaweza kukupeleka geti la nyuma lililofungwa kwa minyororo. Ukikaribia, fuata vile vibao vya kahawia.

Hatua ya 6: Mavazi na mzigo

Viatu vya chini, vyenye soli pana. Visigino vyembamba hutoboa sakafu za mbao za kale, na utaombwa uvivue au uvae vya kitambaa. Begi la mgongoni utaambiwa ulibebe kwa mbele au uliache kwenye kabati. Peni ya wino isiyofutika usiitoe ndani. Ukitaka kuandika, beba penseli. Vaa sweta hata mwezi wa saba, kwa kuwa kuta za mawe hazina habari na jua la nje. Koti la mvua ni lazima, na baada ya mvua kubwa gambuti zitakufaa bustanini.

Hatua ya 7: Ndani ya nyumba

Kila chumba huwa na mtu amekaa au amesimama pembeni, mara nyingi mstaafu anayejitolea. Wageni wengi humpita kama sanamu, na hapo ndipo wanapopoteza. Msalimie kwanza, halafu muulize: nani alilala hapa mara ya mwisho? Kitu gani humu kiliuzwa, na kwa nini? Ule mlango ambao hauonekani vizuri ukutani unakwenda wapi? Swali la mwisho ni zuri kuliko yote, kwa sababu vyumba vingi vina milango iliyopakwa rangi ya ukuta, ambayo watumishi waliitumia kuingia na kutoka bila kuonekana.

Usiguse wala usikae, hata kama kiti kinakuita. Ukikuta tunda la msonobari au ua kavu lenye miiba juu ya kiti, hiyo ndiyo lugha yao ya kistaarabu ya kusema usikae. Giza la vyumbani nalo lina maana: mapazia hushushwa kwa sababu mwanga huchakaza hariri na rangi. Subiri dakika mbili macho yazoee. Picha kwa kawaida unaruhusiwa, bila mwako wa kamera.

Ili kujua umri wa jengo, usitegemee kitabu tu. Nje, tazama mabomba ya madini ya risasi yanayoshusha maji ya mvua: vichwani mwake mara nyingi kuna mwaka na herufi za mwenye nyumba. Tazama pia madirisha yaliyozibwa kwa matofali, kwani kodi ya madirisha ilitozwa kuanzia 1696 hadi 1851. Jina lenye neno Abbey, kama Woburn Abbey au Lacock Abbey, mara nyingi linamaanisha nyumba ya watawa ambayo Mfalme Henry wa Nane aliinyang'anya miaka ya 1530 na ardhi yake ikaenda kwa watu wa karibu na kiti cha enzi. Nalo ni jibu la swali la pesa.

Hatua ya 8: Shuka jikoni, na ukae huko

Acha angalau saa moja kwa ajili ya upande wa watumishi. Petworth ya Sussex jiko liko jengo la peke yake, na chakula kilipitishwa chini ya ardhi kwa njia iliyochimbwa, ili moshi, harufu na hatari ya moto vikae mbali na wakubwa. Bila shaka sahani zilifika zimepoa. Audley End upande huo umepangwa upya kama ulivyokuwa miaka ya 1880, zama za mpishi Avis Crocombe, ambaye kitabu chake cha mapishi alichoandika kwa mkono kimesalia. Tafuta safu ya kengele ukutani, kila moja na jina la chumba chake. Tafuta chumba cha kufulia, cha maziwa, cha taa. Cragside ya Northumberland ina kisa tofauti: mhandisi William Armstrong alitumia maji ya mabwawa yake kufua umeme, na jumba likawa la kwanza duniani kuwashwa taa kwa umeme wa maji, mwishoni mwa miaka ya 1870.

Na usidhani watumishi wote walikuwa Wazungu. Orodha ya watu wa nyumba ya Knole, ya mwaka 1613 hadi 1624, inapanga nani alikaa meza gani. Kwenye meza ya wafuaji nguo yumo Grace Robinson, na kwenye ya jikoni yumo John Morockoe, wote wawili wakitajwa kuwa weusi. Miaka mia nne iliyopita, Kent. Zaidi ya mstari huo, maandishi hayo hayawaelezi. Mwulize mlinzi wa chumba habari zao, hata kama atasema tu kwamba swali hilo haliulizwi mara nyingi. Mwaka 2020 National Trust walitoa ripoti iliyotaja maeneo yao 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa, ikazua makelele makubwa magazetini, na tangu hapo watu wanaojitolea wamezoea kuulizwa mambo hayo. Uliza kwa adabu, utajibiwa kwa adabu.

Hatua ya 9: Bustani na mbuga

Unachokiona pale na kudhani ni asili, mara nyingi kimechimbwa. Ziwa la Blenheim lilitokana na mto mdogo uliozibwa na mbuni wa bustani Lancelot Brown miaka ya 1760. Chatsworth, kijiji cha Edensor kilihamishwa katika karne ya 19 ili kisionekane kutoka kwenye jumba. Mbele ya nyumba nyingi kuna mtaro mkavu wenye ukuta upande mmoja, uitwao ha-ha, ambao huzuia ng'ombe bila kuharibu mandhari. Watoto wawe mbali na ukingo wake, hauonekani hadi uukaribie.

Kuna siri ya mfuko mwembamba hapa: mbuga nyingi ni bure kwa waenda kwa miguu hata pale nyumba inapolipiwa. Mbuga ya Knole yenye kulungu na ile ya Chatsworth kando ya mto ni mifano miwili. Funga kila geti ulilolikuta limefungwa. Oktoba madume ya kulungu hupigana, kaa mbali nayo. Kwenye nyasi ndefu vaa suruali ndefu kwa ajili ya kupe.

Chakula ni jambo fupi. Karibu kila jumba lina mgahawa wenye chai na skonzi za kupakwa jamu na krimu nzito. Ni nzuri, na kwa familia ya watu sita si rahisi. Nyama halali usiitarajie. Supu ya mboga huwepo mara nyingi, lakini uliza imepikwa kwa mchuzi wa nini. Kubeba chakula chenu kunaruhusiwa sehemu nyingi za mbuga, ila moto wa mkaa hapana, kwa hiyo mishikaki ichomwe nyumbani. Mwenye kiti cha magurudumu au magoti mabovu apige simu kabla: ghorofa za juu nyingi hazina lifti, na baadhi ya majumba makubwa huazima vigari vya umeme vya bustanini ukiviweka oda mapema.